Mume Asiye na Shamba

Jumbe Rehani alipanda Mgeta na habari ambayo yeye mwenyewe aliiona njema. Boma la Morogoro lilikuwa limechoka na maneno mengi ya Waluguru, na sasa limerahisisha. Alilitamka neno hilo, limerahisisha, kila nyumba aliyopita, kama mtu anayegawa tende.

Kwa Chausiku aliwakuta uani wakipura maharage, yeye na mumewe Maneno, kila mmoja na fimbo yake. Binti yao Hidaya alikuwa pembeni akipepeta kwa ungo. Walisalimiana, Jumbe akapewa kigoda na maji, akayanywa yote kabla hajaanza.

"Mnaijua tabu ya kila mwaka," alisema. "Mzee wa ukoo anashuka kwa akida kutoa habari za mashamba. Anaanza: bonde lile ni la fulani, kapewa na mama yake, kipande cha juu kaazimwa fulani, kwa kuwa dada yake hakujaliwa mtoto wa kike. Jua linazama, karani hajaandika hata nusu. Basi hayo yamekwisha. Sasa ni nyumba moja, mwanamume mmoja, shamba moja. Kila mwanamume atakwenda mwenyewe, ataje jina lake, shamba lake na anachopanda. Ataandikwa, atarudi kulima."

Maneno aliweka fimbo chini. "Shamba langu mimi?"

"Unalolima."

"Hata mimi nalima," alisema Chausiku.

"Mama Hidaya, ndiyo maana nikasema mambo yamerahisishwa. Tukianza kutaja nani analima na nani, tutarudi kule kule."

"Na likishaandikwa kwa jina lake, litakuwa la nani?"

Jumbe aliitazama kata tupu mkononi mwake. Alikuwa Mluguru kama wao. Alijua kwamba milimani ardhi ni ya ukoo wa mama, inatoka kwa bibi kwenda kwa mama, kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamume hulima pale alipooa. Yeye mwenyewe alilala kila siku katika nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya mkewe. "La aliyeandikwa," alisema mwishowe. "Kukitokea ugomvi, akida atatazama karatasi."

"Na mwanamume asiye na shamba?" aliuliza Maneno.

"Huyo anahesabiwa hana kazi. Atapelekwa chini tambarare. Kuna mashamba ya pamba ya Wazungu, na kuna reli, nayo inataka kokoto kila siku." Jumbe aliinuka akakung'uta maganda ya maharage yaliyomshika kwenye shuka. "Lakini hilo halikuhusu, Maneno. Wewe unalo."

Alipokwisha kupotea kwenye kona ya njia, Chausiku alishika fimbo yake akaendelea kupura. Maneno alikaa kidogo, kisha naye akashika yake. Siku hiyo hawakupiga kwa zamu kama ilivyo kawaida ya wapuraji wawili waliozoeana. Fimbo zao ziligongana mara kwa mara.

Yunusi, kaka yake Maneno, alikuja keshoye. Yeye alikuwa ameoa kijiji cha chini, ambako ukungu huwahi kuondoka na mahindi huwahi kukomaa. Maneno alimwamkia, Yunusi akaitikia, kisha akamshika mkono wakatoka wawili hadi ukingoni mwa migomba.

"Mdogo wangu, Mungu ametufungulia mlango," alisema. "Umelima hapa tangu Hidaya hajazaliwa. Umechimba mifereji, umejenga kihenge, umekata msitu ule wa juu. Nikikwambia leo nipe mkungu mmoja wa ndizi nikawape watoto, unaweza?"

Maneno aliinua macho. Ndizi zilikuwa zimewaelemea juu ya vichwa vyao. Mwaka uliotangulia alimpa Yunusi mkungu, na mjomba wa mkewe alipopita aliliona shina limekatwa akauliza, mbele ya majirani, nani ameuza ndizi za ukoo. Maneno alilazimika kueleza kama mtoto aliyekutwa amekomba sukari. Tangu hapo Yunusi akija hupewa chakula, akashiba, akaondoka mikono mitupu.

"Sema ni langu," Yunusi aliendelea. "Neno moja. Mimi nitalisema la kwangu wala sitajikwaa. Akida ni mtu wa pwani, anahukumu kwa desturi za kwao. Mali ya mwanamume ni ya mwanamume. Utakaa hapa kama mtu, si kama mgeni wa watu."

"Na Hidaya?"

"Hidaya ataolewa. Nawe Mungu akikuchukua, sisi ndugu zako si tupo? Shamba halitapotea."

Yunusi alilisema hilo kwa upole, maana kwake lilikuwa la kumliwaza. Maneno aliitazama migomba. Kwa mara ya kwanza aliwaona watoto wa Yunusi wakiikata, na binti yake akiwa amesimama njiani na ungo wake, akiomba apishwe.

Hata hivyo hakusema hapana. Neno lile, kukaa kama mtu, lilimwingia, na lilimfuata hadi nyumbani.

Mzee Kasiani, mjomba wa Chausiku na mkubwa wa ukoo, alifika kabla ya siku ya baraza la kuandikwa. Alikuwa mzee mrefu, amebatizwa uzeeni na mapadri, na msalaba wake ulining'inia kifuani. Chausiku alimwamkia, Maneno akamwamkia. Mzee aliitikia yote mawili kwa pamoja, akaketi, akaanza kuzungumza na Chausiku peke yake, ingawa Maneno alikuwa ameketi karibu naye kuliko mkewe.

"Mwambie mumeo," alisema, "kwamba akifika kwa akida atasema hivi: shamba hili ni la ukoo, yeye amewekwa tu. Mwambie asibabaike. Mwambie tumekwisha kusikia kwamba kaka yake alikuja hapa wakaenda kunong'ona kwenye migomba. Mwambie mgeni akila vizuri husahau kwamba ni mgeni."

Hidaya alikuwa mlangoni. Maneno aliuona uso wa binti yake ukiinama, akahisi damu ikimpanda shingoni. Kama baraza lingekuwa saa ile, angesema ni langu, angelisema kwa sauti, na angetamani mzee huyu awe amesimama karibu alisikie.

Chausiku aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika.

"Mjomba," alisema, "huyu unayenituma kwake amekaa hapo. Ana masikio."

"Nimesema nawe."

"Nami nakujibu. Ardhi ni ya kwetu, nakubali, na wewe ndiye mkubwa wetu. Lakini huyu hafundishwi kusema kweli. Nimekaa naye miaka yote hii, sijamshika na uongo. Akienda kwa akida atasema alilo nalo moyoni, na mimi sitamwambia aseme nini. Ukimfundisha wewe, akasema ulivyomfundisha, nitajuaje kama amesema yeye?"

Hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kumjibu Mzee Kasiani hivyo. Mzee aliinuka bila kula. Njiani alisimama mara moja, kama anayetaka kurudi, kisha akaendelea.

Walipobaki wenyewe, Maneno alisema, "Umemkosea mjomba wako kwa ajili yangu."

"Nilikuwa nasema kweli. Sikukusudia kukutetea."

"Hutaki kujua nitasema nini?"

"Nataka," alisema Chausiku. "Sikulala nikitaka kujua. Lakini sikuulizi, baba Hidaya. Nitalisikia huko huko."

Baraza la akida lilikuwa chini, karibu na soko. Akida Mikidadi alikuwa mtu wa Bagamoyo, mnene, mwenye joho jeusi juu ya kanzu, na hakuipenda milima. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyeambiwa na Boma kwamba habari za mashamba zifike Morogoro kabla ya mvua, naye alijua kinachompata akida asiyefikisha. Karani aliketi kando yake na meza ndogo. Wanaume waliketi chini kwa mstari. Wanawake waliowaletea waume zao chakula walisimama nje ya ua wa mabua, maana hawakuitwa.

Mambo yalikwenda haraka. Mwanamume husimama, hutaja jina, shamba na mazao, karani huandika. Yunusi alisimama akasema shamba ni lake, analima mahindi na mtama. Hakujikwaa, kama alivyoahidi. Nje ya ua mkewe, Pili, alijifunga upya khanga yake. Alikibeba kikapu cha chakula na kuondoka nacho, na watu wakampisha.

Akaitwa Maneno.

"Jina."

"Maneno."

"Shamba lako liko wapi?"

"Sina shamba, Bwana Akida."

Karani aliinua kalamu. Wanaume kadhaa waliguna.

"Unakula nini?" aliuliza akida.

"Mahindi, maharage, ndizi. Na njegere, zikikubali."

"Unazipata wapi?"

"Nazilima."

"Unazilima wapi, juu ya mawingu?"

Watu walicheka. Maneno alingoja wamalize. "Nazilima kwenye shamba la mke wangu. Alipewa na mama yake, na atampa binti yetu."

"Basi, karani, andika: shamba la Maneno, mahindi, maharage, ndizi, njegere. Tuendelee."

"Bwana Akida, usiandike hivyo. Sikusema hivyo."

Akida alijifuta jasho. Alipozungumza tena alishusha sauti, karibu kwa huruma. "Sikiliza, bwana. Hapa sitaki kisa cha bibi yako na bibi wa mkeo. Karatasi ina nafasi ya jina moja. Sema ndiyo, urudi nyumbani na shamba. Wenzako wote wamesema ndiyo. Ukisema huna, najua mahali pamoja tu pa kukupeleka, na ni chini, kwenye jua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Shamba ni la nani?"

Maneno aliona watu wote wakimtazama, na kaka yake akitazama pembeni. "La Chausiku," alisema. "Kama kuna kazi ya wasio na shamba, nitakwenda. Nina mikono."

Hapo Chausiku aliingia ndani ya ua. Aliingia taratibu, na mbele ya akida akapiga goti kama inavyompasa mwanamke mbele ya mkubwa, kisha akasimama.

"Mwanamke hakuitwa hapa," alisema akida.

"Mimi sikuitwa, Bwana Akida. Shamba langu ndilo lililoitwa, nikaona nilifuate."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Chausiku alisema jina lake, akataja kijito kilicho mpaka wa juu na jabali lililo mpaka wa chini, akataja mazao yake. Alichukua muda ule ule aliochukua Yunusi. Karani alimtazama bwana wake. Bwana wake alitikisa kichwa kukataa, akawaashiria askari wawili, wakamshika Maneno, mmoja kila upande, ingawa hakuwa amejaribu kwenda popote.

Aliyefuata alikuwa mzee wa makamo, mpole, ambaye watu walikuwa hawajamsikia akipaza sauti maishani mwake. Alikohoa sana. Alipoulizwa shamba lake alisema na yeye hana, ni la mkewe, naye yupo pale nje aulizwe. Baada yake vijana wawili walisema ni lao. Kisha mwingine akasema hana. Kufikia adhuhuri karani alikuwa na karatasi iliyojaa mashamba yasiyo na wenyewe na wenyewe wasio na mashamba, na akida akaahirisha baraza kwa kusema kichwa kinamuuma, ambayo ilikuwa kweli.

Maneno na wenzake walipelekwa kuvunja mawe ya reli nje ya mji wa Morogoro. Kule tambarare joto lilikuwa kama pumzi ya mnyama. Watu wa milimani waliugua homa upesi, na nyapara aliwaita washamba wasio na shamba, mzaha ambao hakuchoka kuurudia. Maneno aliupokea mzaha huo kila asubuhi pamoja na nyundo.

Chausiku alishuka na unga na maharage, akangojeshwa langoni pamoja na wauza maji. Nyapara alikifungua kifurushi, akakipekua, akachukua alichotaka. Alipomwona mumewe kwa mbali, Chausiku alishtuka: alikuwa amekonda, bega limechubuka, vumbi jeupe la mawe limemfanya mzee. Waliruhusiwa maneno machache.

"Unajutia?" aliuliza.

"Najutia jua," alisema Maneno. "Lile jingine, hapana. Hidaya hajambo?"

"Hajambo. Kwenye kisima wanawake wanampisha mbele."

Maneno aligeuza uso, akajifanya anatoa vumbi machoni.

Kule kwa akida mambo hayakutulia. Karatasi aliyoipeleka Boma ilirudishwa. Mmoja wa wale waliosema shamba ni lao alikuwa ameachwa na mkewe na kurudi kwao ng'ambo ya mlima, na Boma likataka kujua shamba limekwenda wapi. Mwingine alikufa, wakwe zake na ndugu zake wakapigana kwa majembe, na shauri likafika hadi Morogoro. Yunusi alikuwa akilala kwa rafiki, kwa kuwa Pili alitoa vitu vyake vyote nje na wajomba zake wakasimama mlangoni. Njia iliyorahisishwa ilikuwa imeleta mashauri mengi kuliko ile ndefu.

Akida Mikidadi aliamua kupanda mwenyewe. Alipanda siku nzima, viatu amevibeba mkononi, karani na Jumbe Rehani nyuma yake. Alipofika kwa Chausiku aliketi kabla hajakaribishwa, akaomba maji. Mzee Kasiani aliitwa, na majirani wakaja wenyewe.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema akida alipopata pumzi. "Nataka habari ambazo hazitarudishwa. Nifanyeje na nyinyi?"

Mzee Kasiani alikuwa tayari na maneno yake marefu, ukoo hadi ukoo, akaanza. Akida alifumba macho. Chausiku alisubiri mjomba wake avute pumzi.

"Mjomba, samahani," alisema. "Bwana Akida, sisi tulikueleza habari nyingi kwa kuwa ulituuliza mbali na mashamba. Mtu akiwa mbali hueleza sana. Njoo uulize shambani penyewe. Mwenye shamba awepo, aseme jina lake, mpaka na anachopanda. Mjomba wa ukoo awepo, aseme ndiyo. Jumbe asikie. Mara moja tu, wakati wa kuvuna, ambapo kila mtu yupo na mazao yanaonekana. Hakuna atakayeshuka, hakuna atakayepanda tena."

"Wanawake waandikwe?"

"Waandikwe wenye mashamba. Wakiwa wanawake, ndivyo walivyo."

Akida alimtazama Jumbe Rehani. Jumbe, ambaye kwa miezi alikuwa akiulizwa na mke wake mwenyewe maswali mazito, alisema inawezekana.

"Basi anza wewe," akida alimwambia Chausiku. "Jina."

"Sitasema leo," alisema Chausiku. "Mume wangu hayupo."

"Si ulisema shamba ni lako?"

"Ni langu. Lakini tunalilima wawili, na yeye amefungwa kwa kulitaja kuwa ni langu. Siwezi kulitaja mara ya pili hali aliyelitaja mara ya kwanza anavunja mawe. Wote waliopelekwa wakirudi, tutasema. Kila nyumba itasema."

Akida angeweza kukasirika, na kwa muda ilionekana atakasirika. Lakini njia ya kushuka ilikuwa ndefu na karatasi ya Boma ilikuwa kwenye mfuko wa joho lake. Kilichomshangaza ni Mzee Kasiani, aliyeinuka akaenda kusimama karibu na mpwa wake, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Huyo ni mkwe wetu, Bwana Akida. Tunamtaka nyumbani."

Walirudi wote wakati maharage ya pili yanakomaa. Maneno alipanda akipumzika kila kona, na kila nyumba aliyopita watu walitoka kumpa mkono. Mzee Kasiani, aliyekuwa akizungumza kana kwamba hamwoni, alimwambia, "Karibu kwetu." Yunusi alikuja kumwona, akakaa muda mrefu bila kusema la maana, na alipoaga Chausiku mwenyewe alimkatia mkungu wa ndizi. Yunusi aliupokea kwa mikono miwili. Akamuuliza shemeji yake kama anaweza kumsemea kwa Pili, naye akasema atajaribu.

Siku ya kuandikwa, Mzee Kasiani ndiye aliyepaswa kutembea mbele na kuonyesha mipaka ya ukoo wote. Magoti yake yalikataa mteremko. Aliketi kwenye gogo, watu wakingoja achague mpwa wa kumwakilisha, kama desturi inavyotaka. Wapwa zake walijisogeza.

"Maneno," alisema mzee. "Waongoze wewe."

Maneno aliwaongoza. Alitembea mbele ya akida wa Bagamoyo na karani wake, kijito hadi kijito, akiita wanawake kwa majina yao. Kila mmoja aliinua mgongo kutoka kwenye mavuno akajisemea mwenyewe, jina, mpaka na mazao. Kwa Chausiku walifika mwishoni. Alisema maneno yake machache, akarudi kwenye maharage.

Karani alimgeukia Maneno. "Na wewe nikuandike wapi?"

"Hapo hapo kwa Chausiku. Andika kwamba nalima naye."

"Karatasi haina nafasi ya neno hilo."

Akida Mikidadi, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akikanda miguu yake, alisema bila kuinua kichwa, "Andika pembeni."

Maneno hakujua kusoma. Lakini alisimama nyuma ya karani, mikono mgongoni, hakutoka mpaka kalamu ilipofika mwisho wa neno lake.